Muziki wa mitambo Kwale: Kwa nini mashabiki hawaelewani

KUANZIA Tiwi, Ukunda na Diani hadi Msambweni, Lunga Lunga na Vanga, ni nadra siku hizi kupata sherehe isiyokuwa na spika kubwa, kinanda cha umeme au mcheza santuri aliyeinamia kompyuta yake.

Hata hivyo, wapenzi wa muziki wa Pwani Kusini hawajakubaliana kuhusu thamani ya muziki huo. Wapo wanaoshikilia kwamba nyimbo za mdundo mmoja na maneno machache ni kelele tupu. Wengine hujibu kuwa muziki unaomwinua kitini kila mtu, nyanya na mjukuu wake, hauwezi kuitwa takataka.

Mabishano haya yana uzito kuliko yanavyoonekana. Nyuma yake kuna swali la riziki ya wapiga ngoma, urithi wa Wadigo na Waduruma, na haki ya jamii juu ya midundo yake.

Muziki unaozungumziwa

Muziki wa mitambo, kwa maana ya makala haya, ni ule ambao mapigo yake hayatoki katika mikono ya mpiga ngoma bali katika kinanda cha umeme, mashine ya midundo au programu ya kompyuta, na ambao umekusudiwa kuchezwa zaidi ya kusikilizwa.

Katika Kaunti ya Kwale, ambayo sensa ya 2019 ilihesabu wakazi 866,820, muziki huu huja kwa sura kadhaa. Kuna chakacha na taarab zinazopigwa kwa kinanda harusini. Kuna ngoma za Mijikenda zilizotengenezwa upya studioni.

Kuna pia singeli kutoka Dar es Salaam, ambayo huvuka mpaka kwa urahisi kwa kuwa Wadigo wanaishi pande zote mbili, Kwale na Tanga. Na katika baa za ufuoni Diani husikika muziki wa house wa kimataifa pamoja na amapiano ya Afrika Kusini.

Kabla ya kinanda

Ngoma inayotajwa kwanza Wadigo wanapozungumziwa ni sengenya, jina linalomkumbusha msikilizaji wa Kiswahili kitenzi cha kumsema mtu kisogoni. Nzumari ndiyo huongoza, nazo ngoma za ukubwa mbalimbali hujibizana chini yake, kila moja ikiwa na zamu yake.

Upande wa Waswahili, chakacha ilikuwa ngoma ya wanawake katika shughuli za harusi. Mapigo yake huhesabiwa kwa sita, na sikio linaweza kuyagawa mara mbili au mara tatu. Ni mgawanyo huo unaokipa kiuno cha mchezaji nafasi ya kwenda kinyume na miguu.

Ngoma hizi zilihitaji watu wengi na miaka ya kujifunza. Kijana alikaa kando ya fundi, akaanza na ngoma ya kushikilia mdundo, ndipo baadaye akaruhusiwa kupiga ile inayozungumza.

Umeme ulivyoingia

Mabadiliko hayakuja kwa siku moja. Bendi za hoteli za Pwani zilikuwa zikipiga magitaa ya umeme tangu miaka ya 1970. Them Mushrooms, bendi ya ndugu wa ukoo wa Harrison iliyopata jina katika hoteli za Mombasa, ilitoa wimbo wa Jambo Bwana mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ulitungwa na Teddy Kalanda Harrison, na mwaka 1983 kundi la Boney M lilitoa toleo lake huko Ulaya.

Wimbo huo ulikuwa mwepesi kwa makusudi. Maneno yake yalikuwa yale ambayo mtalii angeweza kuyashika kwa usiku mmoja. Wapo waliouona kuwa fedheha kwa Kiswahili, na wapo waliouona kuwa balozi bora wa lugha hii. Bendi hiyohiyo baadaye iliingiza chakacha katika muziki wa dansi, ikaufikisha mdundo wa harusini mahali ambapo haukuwahi kusikika.

Katika taarab ya Mombasa nako, vinanda vya umeme vilichukua nafasi ya ala za zamani hatua kwa hatua. Kinanda kimoja kiliweza kutoa sauti ya fidla, filimbi na ngoma kwa wakati mmoja, na bei za vinanda ziliposhuka, mtu mmoja aliweza kufanya kazi ya kundi zima.

Utalii nao ulikuwa na mchango. Ghasia za Likoni za Agosti 1997, vurugu za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 na janga la Korona la 2020 zilizipunguzia hoteli wageni. Kila mara wageni walipopungua, kundi la watu wanane ndilo lililokuwa zito kulilipa.

Hoja za wanaoupinga

Hoja ya kwanza ya wapinzani inahusu mapigo. Mashine hupanga midundo kwa nafasi zilizo sawasawa, ilhali mpiga ngoma hodari hutangulia kidogo hapa na kuchelewa kidogo pale. Tofauti hiyo ndogo, wanasema, ndiyo roho ya ngoma.

Hoja ya pili inahusu sauti. Kinanda cha kawaida hugawa sauti katika hatua 12 zilizo sawa. Nzumari haifungwi na hatua hizo, maana mpulizaji huipandisha na kuishusha kwa pumzi na midomo. Nzumari inapogeuzwa kuwa kitufe cha kinanda, sauti zilizo kati ya hatua na hatua hupotea.

Hoja ya tatu inahusu maneno. Taarab ya akina Juma Bhalo na Zein l'Abdin ilisimama juu ya ushairi wenye vina, mizani na mafumbo. Mtu aliondoka na beti za kutafakari wiki nzima. Wapinzani huuliza ni tafakari gani inayobaki pale kiitikio chenye maneno manne kinaporudiwa kwa dakika sita.

Hoja za wanaoutetea

Watetezi huanza na gharama. Familia ya kawaida ya Kinango au Msambweni haiwezi kila mara kulipa nauli, chakula na ujira wa kundi zima la ngoma. Mwenye kinanda na spika mbili huifanya harusi iwe harusi. Kwao, muziki ulio ndani ya uwezo wa maskini una thamani kwa sababu hiyo tu.

Pili, hukanusha kwamba wepesi wa kusikiliza ni wepesi wa kutengeneza. Kuchagua mdundo utakaowashika watu mia tatu wasiofahamiana, kuupandisha wasipochoka na kuushusha kabla hawajachoka, ni ufundi unaojifunzwa kwa miaka.

Tatu, huonyesha kuwa mashine haijaifuta Pwani bali imeibeba. Nyimbo nyingi zinazotengenezwa studioni zimejengwa juu ya mapigo ya sita ya chakacha, na nyingine huimbwa kwa Chidigo, Chiduruma au Kigiriama, lugha ambazo nafasi yake katika redio za kitaifa ni ndogo.

Mashabiki wa mitambo nao hawasemi kwa sauti moja. Kuna wale wa house ndefu isiyo na maneno, wanaozidharau nyimbo zenye kiitikio cha kushika haraka kwa kuziona kuwa bidhaa za sokoni. Wapenzi wa singeli, ambayo kasi yake hupita mapigo 200 kwa dakika, huwajibu kuwa muziki usiotoa jasho ni wa kunywea kahawa.

Lawama ya zamani

Atakayechunguza historia ataona kuwa lawama ya wepesi imewahi kuelekezwa kwa wasanii ambao leo wanaheshimiwa.

Taarab iliyokuwa ikipigwa katika kasri la Sultani wa Zanzibar iliimbwa kwa Kiarabu. Siti binti Saad, mwanamke wa asili ya kijijini, aliimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay, India, kurekodi santuri. Kilichoonekana kuwa kushusha hadhi ndicho leo kinachoitwa msingi wa taarab ya Kiswahili.

Vivyo hivyo kwa beni, ngoma iliyoanzia Lamu na Mombasa kwa kuiga bendi za kijeshi za Wazungu. Wakubwa waliiona kuwa uigaji na upuuzi. Wanahistoria waliokuja baadaye, akiwamo Terence Ranger katika kitabu chake cha 1975, waliiona kuwa kumbukumbu muhimu ya maisha ya watu wa Afrika Mashariki chini ya ukoloni.

Hata Juma Bhalo, ambaye wapinzani wa kinanda humtumia kama kipimo, alilaumiwa kwa kutumia nyimbo za filamu za Kihindi. Waliomtetea walisema kwamba hata sauti ikiwa ya kuazima, ushairi ulikuwa wa Mvita. Alifariki mwaka 2014 akiwa gwiji.

Nje ya Afrika hali ni hiyohiyo. Tarehe 12 Julai 1979, santuri za disko zililipuliwa katika uwanja wa Comiskey Park mjini Chicago, Marekani, mbele ya umati uliouchukia muziki huo. Miaka michache baadaye, katika mji huohuo, wacheza santuri kama Frankie Knuckles waliichukua disko na mashine za midundo wakazaa house, ambayo leo huchezwa Diani.

Karibu na nyumbani, mchiriku wa Dar es Salaam ulipigwa kwa vinanda vidogo vya Casio na spika zilizokwaruza, ukaitwa muziki wa wahuni. Mwaka 2012 kundi la Jagwa Music lilitoa albamu ya mtindo huo barani Ulaya, na mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa mkusanyo wa singeli, mrithi wake.

Disko za matangani

Kuna lawama nyingine ambayo haihusu sanaa. Katika Kwale na Kilifi, disko za usiku matangani zimezusha kilio cha wazazi na walimu. Maafisa wa utawala wamewahi kuzipiga marufuku, wakizihusisha na mimba za mapema na unajisi wa watoto.

Suala hili ni zito na halipaswi kufanyiwa mzaha. Lakini halina budi kutenganishwa na swali la thamani ya muziki. Ngoma matangani si jambo geni kwa baadhi ya jamii za Mijikenda, na mtoto aliyeachwa gizani bila mlezi hayuko salama zaidi kwa kuwa mdundo unatoka kwenye ngozi badala ya spika. Ulinzi wa watoto ni kazi ya wazazi, wazee wa mitaa na polisi. Kuilaumu mashine kunawapa wenye wajibu huo nafasi ya kuukwepa.

Kilicho hatarini

Wepesi, basi, si dosari inayoweza kuthibitishwa. Dosari iliyo wazi zaidi ni nyingine: mashine hucheza midundo ya wazee bila kumfundisha yeyote kuipiga. Ngoma za zamani zilifunza warithi kila zilipopigwa, kwa sababu kijana alisimama kando ya fundi. Kinanda hakina ngoma ndogo ya mwanafunzi.

Dunia imekwisha kuutambua urithi wa eneo hili. Misitu mitakatifu ya Kaya za Mijikenda, ikiwamo Kaya Kinondo iliyo karibu na Diani, iliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008. Mwaka uliofuata, mila zinazoambatana na Kaya ziliwekwa katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura. Msitu unaweza kuzungushiwa ua. Mdundo hudumu tu iwapo kuna mikono inayoujua.

Lipo pia suala la haki. Mtengenezaji wa muziki akirekodi kundi la sengenya kwa dakika kumi, anaweza kuutumia mdundo huo katika nyimbo mia moja. Sheria ya Hakimiliki ya 2001, iliyounda Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, humlinda zaidi mtunzi anayejulikana kwa jina. Mdundo wa ukoo mzima hauna mtunzi wa namna hiyo.

Pengo hilo ndilo lililolengwa na sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa asilia na sanaa za kitamaduni. Sheria hiyo hutaka idhini ya jamii husika kabla ya kutumia urithi wake kibiashara, na huzipa serikali za kaunti wajibu wa kuuweka katika rejista.

Kwa hivyo mashabiki wa pande zote mbili wana jambo wanaloweza kulidai pamoja, hata wasipokubaliana kuhusu wimbo mmoja. Wanaweza kudai midundo ya Kwale iandikishwe, wapigaji walipwe na watajwe majina pale sauti zao zinapotumiwa, na shule zipate walimu wa nzumari na ngoma. Hayo yakifanyika, kinanda kitabaki kuwa ala moja miongoni mwa nyingine, na anayekichukia atakuwa na sengenya ya kwenda kuisikiliza.