KUPANDA DARAJA KATIKA DARUBINI: Mazingatio kutoka kwa William Herschel



Ndugu wasomaji, vijana wetu wanaopenda kutazama nyota wana swali ambalo hawachoki kutuuliza: mtu aliyeanza na darubini ndogo, akitaka kupanda daraja achague ipi? Iliyo ndefu zaidi? Yenye kukuza zaidi? Au abaki na ile ile? Swali hili lina fedha ndani yake, na fedha ya familia si ya kuchezea. Lakini si swali jipya. Kuna watu waliolijibu kwa mikono yao kabla yetu, na kisa chao kina faida kubwa kwa mwenye kuzingatia.

Jicho kwanza

Neno darubini limetokana na Kifarsi: dur ni mbali, na bin ni kuona. Lakini elimu ya nyota ilitangulia chombo hicho kwa karne nyingi. Mwaka 964 Abdurrahman al-Sufi aliandika kitabu chake cha nyota, na ndani yake akataja kiwingu kidogo ambacho leo tunajua kuwa ni kundi kubwa la nyota la Andromeda. Alikiona kwa macho matupu. Huko Samarkand, katika karne ya 15, Ulugh Beg alijenga nyumba ya kutazamia nyota yenye tao la kupimia ambalo nusu kipenyo chake kilikaribia mita 40. Halikuwa na lenzi hata moja, lakini ndani ya nyumba hiyo zilipimwa nyota zaidi ya 1,000. Ndiyo maana hadi leo nyota nyingi zinaitwa duniani kote kwa majina yenye asili ya Kiarabu, kama Aldebaran na Rigel.

Darubini ilikuja baadaye. Mwaka 1609 Galileo alianza kuielekeza mbinguni, na Januari 1610 akaona miezi minne ya Mushtari. Mwaka 1668 Isaac Newton alitengeneza darubini inayotumia kioo badala ya lenzi ya mbele. Kioo chake kilizidi inchi moja kwa kiasi kidogo tu.

Mwanamuziki aliyetaka kuona zaidi

William Herschel alizaliwa Hannover, Ujerumani, mwaka 1738. Kazi yake ilikuwa muziki. Alihamia Uingereza, na katika mji wa Bath alipiga kinanda na kufundisha wanafunzi. Mwaka 1773, akiwa na miaka 34, alinunua kitabu cha elimu ya nyota na kushikwa na hamu.

Tazameni hatua zake, maana ni zile zile za kijana wa leo. Kwanza alijaribu darubini za lenzi, akaona zile ndefu zinasumbua na hazishikiki. Kisha akakodi darubini ndogo ya kioo, ya futi mbili hivi, akaipenda kwa wepesi wake. Alipotaka kubwa zaidi aliulizia bei London. Akaambiwa kwamba kioo cha ukubwa anaoutaka hakipo, na kukitengeneza kungegharimu fedha nyingi. Hapo akaamua kujifunza kutengeneza mwenyewe.

Vioo vya wakati ule vilikuwa vya madini: shaba nyekundu na bati, huyeyushwa pamoja, humiminwa katika kalibu, kisha husuguliwa mpaka ving'ae. Dada yake Caroline, aliyekuja Bath mwaka 1772 ili awe mwimbaji, ndiye aliyekuwa mkono wake wa kuume. Aliwahi kutwanga na kuchekecha samadi ya farasi kwa ajili ya kalibu. Kuna siku Herschel alisugua kioo kwa saa 16 bila kuondoa mkono, na Caroline akawa anamlisha tonge kwa tonge.

Tarehe 13 Machi 1781, akiwa katika bustani ya nyumba yake, Herschel alielekeza darubini ya futi 7 mbinguni. Kioo chake kilikuwa na upana wa inchi 6.2 tu. Akaona kitu kisichofanana na nyota: alipozidisha ukuzaji, nyota zilibaki nukta, lakini chenyewe kiliongezeka ukubwa. Alidhani ni nyota yenye mkia. Kumbe ilikuwa sayari mpya, Uranus! Wengine waliwahi kuiona kabla yake wakaiandika kuwa ni nyota ya kawaida. Mwaka uliofuata darubini yake ililinganishwa na zile za Greenwich, ikaonekana kuzishinda.

Ukubwa uliozidi

Mwaka 1783 alikamilisha darubini ya futi 20 yenye kioo cha inchi 18.7. Mwanga unaokusanywa hufuata eneo la kioo, si upana wake, kwa hiyo kioo kipana mara tatu hukusanya mwanga mara tisa. Kwa chombo hiki, katika miaka 20 hivi, Herschel na Caroline waliorodhesha mawingu na makundi ya nyota yapatayo 2,500.

Lakini tamaa haikuisha. Kwa msaada wa Mfalme George wa Tatu, pauni 4,000, alijenga darubini ya futi 40 huko Slough, yenye kioo cha inchi 48 na uzito wa karibu tani moja. Ilikamilika mwaka 1789, na mwaka huo huo akatangaza miezi miwili ya Zohali. Watu walisafiri kuja kuistaajabia.

Ndugu msomaji, baada ya hapo ilikuwaje? Kioo kizito kilipinda kwa uzito wake chenyewe. Unyevu ulikifubaza, kikahitaji kung'arishwa tena. Kuigeuza darubini kulihitaji wafanyakazi, na usiku safi ulipita watu wakiwa bado wanaitayarisha. Herschel akarudi kwenye ile ya futi 20, na sehemu kubwa ya kazi yake ilitoka humo. Mwanawe, John, aliitengeneza upya ile ya futi 20, akaileta hapa Afrika, Rasi ya Tumaini Jema, na kati ya 1834 na 1838 akachunguza anga ya kusini. Ile ya futi 40 ilibomolewa karibu mwaka 1840.

Tunapata mafunzo gani?

1. Jua anga kwanza. Asiyeitambua Kilimia kwa macho hataijua kwa chombo. Darubini ya macho mawili yenye lenzi za milimita 50 huonyesha miezi ya Mushtari, ukiiegemeza vizuri.

2. Nunua upana, usinunue maandishi ya kwenye boksi. Darubini ya milimita 60 iliyoandikwa kwamba inakuza mara 500 inakudanganya. Kipimo cha kawaida ni mara mbili ya milimita za upana, yaani mara 120 hivi, na zaidi ya hapo utaona ukungu.

3. Angalia miguu yake. Kioo kizuri juu ya miguu inayotetemeka hakina faida.

4. Usinunue usichoweza kukibeba. Darubini inayotolewa nje kila usiku safi ni bora kuliko kubwa inayokaa stoo ikishika ukungu wa masika.

Tena tukumbuke jambo hili: darubini ya kioo cha milimita 150 inayouzwa leo inakaribia upana wa ile iliyogundua Uranus, na kioo chake huakisi mwanga vizuri zaidi. Familia mbili tatu zikichangiana, watoto wa mtaa mzima watafaidika. Na sisi wa karibu na Ikweta tumejaaliwa kuona anga ya kaskazini na ya kusini pia.

Tahadhari kwa wazazi: mtoto asielekeze darubini kwenye jua hata kidogo. Nukta moja tu inatosha kumpofusha.

Herschel hakukosa fedha wala akili alipojenga ile ya futi 40. Alichojifunza kwa gharama kubwa ni kwamba chombo hupimwa kwa kazi kinayoifanya. Basi sisi tujifunze bure.

Wabillahi tawfiq.