Umeme Unaoinua Wayo

Mtu aliyepigwa na kiharusi akirudi nyumbani Kiirua, upande wa Buuri chini ya Mlima Kenya, mara nyingi hurudi na wayo usioinuka. Vidole vinaburura udongo, na ili mguu upite hana budi kuuzungusha kwa nje. Kwenye sakafu ya wodi atajikaza. Kwenye njia ya shamba la viazi, yenye mawe na mitaro, ataanguka. Umeme kidogo tu unaweza kuuinua wayo huo, na ujuzi huu ulichukua muda mrefu sana kukomaa.

Katika karne ya 1, tabibu Scribonius Largus wa Roma aliwatibu wenye maumivu ya kichwa na jongo kwa kuwagusisha samaki wa jamii ya taa atoaye umeme. Afrika nayo ina wake: kambare wa umeme wa Mto Naili, aliyechongwa katika kaburi la Ti huko Saqqara, na nduguye aishiye Ziwa Tanganyika hadi leo.

Kisa ninachokithamini kuliko vyote ni cha mwaka 1757. Benjamin Franklin alimwandikia daktari John Pringle kuhusu watu waliopooza waliomjia kutoka sehemu mbalimbali za Pennsylvania. Aliwapiga mishtuko ya umeme kila siku, wakapata nafuu mpaka kama siku ya tano, kisha nafuu ikakoma. Walikata tamaa, wakarudi makwao, na hali ikawa ile ile ya mwanzo. Franklin akajiuliza kwa uaminifu mkubwa: je, nafuu ile ndogo ilitokana na umeme, au na mazoezi ya safari yenyewe na kule kuja kwake kila siku, na tumaini walilokuwa nalo?

Mwitalia Galvani alichapisha majaribio yake ya umeme kwenye misuli ya vyura mwaka 1791. Mwaka 1855 Mfaransa Duchenne alionyesha jinsi ya kuamsha msuli mmoja mmoja kupitia ngozi. Lakini swali la Franklin lilipata jibu lenye manufaa mwaka 1961 tu, pale Wladimir Liberson, akifanya kazi Marekani, alipoweka swichi chini ya kisigino cha mgonjwa. Kisigino kikiinuka, umeme unakwenda kwenye neva inayopita chini kidogo ya goti, upande wa nje, na wayo unanyanyuka. Kisigino kikikanyaga, umeme unakatika. Hapo umeme ulifungamanishwa na hatua. Liberson aliona pia kwamba baadhi ya wagonjwa waliendelea kuinua wayo kwa muda hata mashine ilipozimwa. Watafiti wa Ljubljana na wa Salisbury, Uingereza, waliendeleza kazi hiyo, na mwaka 2009 NICE, taasisi ya miongozo ya tiba ya Uingereza, ikatoa mwongozo wa kutumia mbinu hii.

Kwetu umeme ulianza kama taa: kwanza katika jumba la Sultani wa Zanzibar, kisha kampuni ya umeme ya Mombasa mwaka 1908. Huduma za watu wenye ulemavu zilikua kwa njia nyingine. APDK, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo nchini Kenya, kilianzishwa mwaka 1958, wakati polio ikiwalemaza watoto wengi, nao walihitaji magongo na vyuma vya miguu. Polio huua chembe za neva zinazoamrisha msuli, kwa hiyo umeme wa aina hii hauna mahali pa kushika. Kiharusi huharibu ubongo na kuiacha neva ya mguuni ikiwa hai. Kwa maoni yangu, tumechelewa mno kuitambua tofauti hii katika mipango yetu ya tiba ya viungo.

Hospitali ya misheni ya St. Theresa iko pale pale Kiirua, na tangu mwaka 2014 Kenya ina sheria ya wataalamu wa fiziotherapia. Mtaalamu kwanza humchunguza mgonjwa: kama ana kifaa cha kuratibu moyo, au kifafa kisichodhibitiwa, umeme huu si wake bila ushauri wa daktari. Akishabandika pedi na kuona wayo ukiinuka, kazi ndiyo kwanza inaanza. Mgonjwa asilazwe kitandani huku msuli ukirukaruka. Ashikwe mkono atembee, kwanza ukumbini, kisha nje kwenye mteremko wenye mawe, na mtu wa nyumbani kwake afundishwe mahali pa kubandika pedi hizo.