Vikombe Vyetu na Nyundo ya Dalali

Kamati ya umoja wetu imepokea barua kutoka kwa mwenzetu mmoja aishiye London. Baada ya salamu nyingi na kuulizia hali ya baridi ya Lushoto, anapendekeza kwamba vikombe vya zamani vilivyomo katika kabati la ofisi ya Mkuu wa Shule, pamoja na ngao na fulana za timu, vikabidhiwe kwa kampuni ya mnada huko aliko. Fedha zitakazopatikana zitumike kuezeka upya bweni ambalo sote twajua kuwa linavuja. Katika kikao wengine walishangilia, wengine walikasirika, na mzee mmoja aliuliza kama tumefika mahali pa kuuza hata jina letu.

Kwa kuwa niliwahi kuwa kapteni wa michezo shuleni hapa, na baadaye nikafundisha historia kwa miaka mingi, niliombwa niandike habari za biashara hii ili wanachama wapige kura wakiwa na mwanga. Ndugu wanachama, na ninyi vijana mlioko madarasani, naomba mnivumilie kwa kurasa hizi chache.

Mnada si mgeni kwetu sisi watu wa milimani. Nani kati yetu hajasimama gulioni Soni au kule Mombo, akimtazama dalali aliyepanda juu ya sanduku, ameinua koti la mtumba, anataja bei moja na kungoja nyingine? Dalali wa London naye kazi yake ni hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba yule wa gulioni kwa kawaida huuza mali aliyoinunua mwenyewe kwa robota, na kampuni kubwa za London huuza mali ya watu wengine. Mwenye kitu hukikabidhi kwa kampuni, kampuni hukiuza kwa niaba yake, na kitu hubaki mali ya mwenyewe mpaka siku nyundo inapogonga meza.

Kampuni mbili mashuhuri za namna hiyo ni za zamani sana. Sotheby's ilianza mwaka 1744 na Christie's mwaka 1766. Kwa muda mrefu kazi yao ilikuwa kuuza vitabu, picha za kuchora na samani za matajiri. Vitu vya michezo viliingia kwa wingi katika miongo ya mwisho ya karne ya 20, na hivi leo kiatu kilichochakaa chaweza kuuzwa kwa bei ya nyumba.

Utaratibu wake ni huu. Mwenye kitu hupeleka picha na maelezo. Wataalamu wa kampuni hukichunguza, kisha hutaja makadirio mawili ya bei, ya chini na ya juu. Pande mbili hutia sahihi mkataba, na humo huandikwa bei ambayo kitu hakitauzwa pungufu yake. Kitu hupigwa picha, huwekewa bima na kuingizwa katika orodha inayosambazwa kwa wanunuzi. Siku ya mnada ikifika, anayetaja bei kubwa kuliko wote ndiye mshindi. Muuzaji hukatwa ushuru wake kama walivyopatana, na mnunuzi naye huongezwa ada juu ya bei ya nyundo.

Mfano mmoja utaeleza vizuri zaidi. Tarehe 6 Mei 1954, huko Oxford, Roger Bannister alikuwa mtu wa kwanza kukimbia maili moja chini ya dakika 4, alipotumia dakika 3 na sekunde 59.4. Viatu vyake vya misumari, vyepesi, vya ngozi ya kangaruu, alikaa navyo zaidi ya miaka 60. Mwezi wa Septemba 2015, akiwa na umri wa miaka 86, alivikabidhi kwa Christie's. Makadirio yalikuwa kati ya pauni 30,000 na 50,000, lakini nyundo iligonga kwenye pauni 220,000. Mnunuzi alilipa jumla ya pauni 266,500. Ile tofauti ya pauni 46,500 ilikuwa ada ya kampuni, haikuingia mfukoni mwa Bannister. Kwa hiyo tukisoma katika magazeti kwamba kitu kimeuzwa kwa bei fulani, tusidhani kwamba fedha hizo zote zimemfikia mwenyewe.

Sasa, ni nini kinachopandisha bei? Ngozi na uzi wa viatu vile havina thamani hiyo. Nimezisoma habari za minada kadhaa, na kila mara naona mambo mawili. La kwanza ni tendo lenyewe, hasa likiwa la kwanza la aina yake. La pili ni ushahidi kwamba kitu hiki ndicho hasa kilichokuwapo siku ile.

Spyros Louis wa Ugiriki alishinda mbio za marathoni katika Michezo ya Olimpiki ya kwanza ya zama hizi, Athens, mwaka 1896. Alipewa kikombe kidogo cha fedha, kimo chake yapata sentimeta 15, kilichotolewa na mwanachuoni Mfaransa Michel Bréal. Kikombe kilibaki katika ukoo wake mpaka tarehe 18 Aprili 2012, mjukuu wake alipokipeleka Christie's, kikauzwa kwa pauni 541,250 pamoja na ada. Kikombe hakikuwahi kutoka nje ya ukoo, wala hakuna aliyekuwa na shaka nacho. Na jambo la kufurahisha ni kwamba mnunuzi alikuwa Wakfu wa Stavros Niarchos, uliokirudisha Ugiriki ili wananchi wakitazame.

Jesse Owens, Mmarekani Mweusi aliyeshinda medali 4 za dhahabu mjini Berlin mwaka 1936, medali yake mojawapo alimpa rafiki yake, mcheza dansi Bill Robinson. Mwezi wa Desemba 2013 iliuzwa kutoka katika mirathi ya mjane wa Robinson kwa zaidi ya dola milioni 1.4. Hata kama haikujulikana hakika ni medali ya shindano lipi kati ya yale manne, njia iliyopita kutoka mkono hadi mkono ilijulikana.

Wapenzi wa soka watakumbuka mchezo wa Argentina na Uingereza uliochezwa mjini Mexico tarehe 22 Juni 1986, ambapo Maradona alifunga bao moja kwa mkono na jingine kwa kuwapita Waingereza kama nguzo za uzio. Mchezaji wa Uingereza, Steve Hodge, alibadilishana naye fulana baada ya mchezo. Mwezi wa Mei 2022 Sotheby's waliiuza kwa zaidi ya pauni milioni 7. Kabla ya mnada jamaa za Maradona walidai kwamba hiyo ilikuwa fulana ya kipindi cha kwanza, yaani siyo ile aliyofungia mabao. Wataalamu wakalinganisha mistari na alama za kitambaa na picha za siku ile, wakathibitisha kuwa ni yenyewe. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo, mwamuzi wa mchezo ule, Ali Bin Nasser wa Tunisia, Mwafrika mwenzetu, aliukabidhi kwa mnada mpira aliokuwa ameuhifadhi kwa miaka 36. Uliuzwa pauni milioni 2. Aliyeushika mkononi kipenga cha mwisho kilipolia ndiye aliyeuleta sokoni, na ushahidi bora kuliko huo ni vigumu kuupata.

Turudi nyumbani. Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch, New Zealand, tarehe 2 Februari 1974, akiongoza tangu mwanzo hadi utepe. Tarehe 17 Mei 1975, huko Kingston, Jamaika, alikimbia maili moja kwa dakika 3 na sekunde 51.0, yaani sekunde 8.4 chini ya muda wa Bannister. Mwaka 1980 huko Moscow, yeye na Suleiman Nyambui walipata medali za fedha, Bayi katika mbio za kuruka viunzi na maji za mita 3,000 na Nyambui katika mita 5,000. Medali hizo mbili ndizo pekee za Olimpiki ambazo Tanzania ilikuwa imepata hata baada ya Michezo ya Paris ya mwaka 2024. Na John Stephen Akhwari, aliyeanguka na kuumia goti katika marathoni ya Mexico mwaka 1968, aliingia uwanjani wa mwisho kati ya 57 waliomaliza, mguu umefungwa bendeji, huku wenzake 18 wakiwa wameacha njiani. Kama ningeulizwa ni kitu gani kimoja cha michezo yetu ningependa wajukuu wakione kwa macho, ningetaja bendeji ile kabla ya medali yoyote.

Nimetaja majina haya ili tupime mambo kwa mizani ya haki. Mali ya mwanariadha ni ya mwanariadha, na hakuna mwenye haki ya kumlaumu akiiuza kwa shida au kwa hiari. Lakini nchi yenye medali mbili si sawa na nchi yenye medali mia, kwani ya kwanza ikiuza moja imetoa nusu ya ghala.

Sasa tulitazame kabati letu. Niliomba ruhusa, nikavitoa vikombe kimoja kimoja na kuvipindua. Kikombe cha fedha halisi ya Kiingereza huwa na mhuri mdogo wa simba anayetembea, na kando yake alama ya mji, mathalani nanga kwa Birmingham. Karibu vyote vyetu vina herufi EPNS, maana yake ni madini mengine yaliyopakwa fedha juu kwa umeme. Hata vikiyeyushwa havitoi fedha ya kununua bati za chumba kimoja. Thamani yake, kama ipo, imo katika majina yaliyochongwa ubavuni.

Na hapo ndipo nilipohuzunika. Ukungu wa Magamba huleta weusi juu ya fedha, na vizazi kwa vizazi vya wanafunzi vimevisugua vikombe hivi kwa majivu na mchanga kabla ya sikukuu. Kila msuguo umeondoka na fedha kidogo na herufi kidogo. Kuna kikombe cha mbio za nyika ambacho mshindi wake amebaki herufi tatu tu. Daftari la michezo ambalo lingetuambia ni nani halionekani. Tukikipeleka London bila daftari, mtaalamu atatuuliza ni mbio gani, mwaka gani, nani alishinda, naye alifanya nini baadaye. Sisi tutamjibu kwa herufi tatu. Ukitoa ushuru, bima na gharama za kukishusha kutoka Lushoto hadi Mombo na kukivusha bahari, nahofia tutabaki na deni.

Tena kuna swali la umilikaji. Kila mkataba wa mnada humtaka anayekabidhi athibitishe kwamba kitu ni mali yake. Vikombe hivi vilitolewa kwa shule, havikutolewa kwa sisi tuliosoma humo. Shule nayo, kama nyingi za nchi hii baada ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, imepita katika mikono zaidi ya mmoja. Sisi wanafunzi wa zamani ni wageni waheshimiwa wa kabati lile, na mgeni hauzi vyombo vya mwenyeji.

Kwa upande wa mali ya mtu binafsi nina habari moja. Mzee mwenzetu, niliyelala naye bweni moja, aliwahi kuukimbilia Mkoa wa Tanga. Mwaka jana aliugua, na mnunuzi mmoja wa vitu vya zamani akapita kijijini na kumtajia bei ndogo ya medali zake nne. Mzee akaniita. Nikamwambia, "Ndugu yangu, medali ni zako na dawa ni zako. Lakini kwanza tuandike." Tulikaa siku mbili, akinisimulia kila mbio: ilikuwa wapi, nani alikuwa wa pili, mvua ilinyesha au la. Tukaandika, akatia sahihi, mjukuu wake akapiga picha. Mnunuzi aliporudi aliuziwa mbili, na bei ya hizo mbili ilizidi ile aliyotaja mwanzo kwa zote nne. Zilizobaki ziko kwa mzee, pamoja na karatasi zake.

Kwa hiyo natoa mapendekezo matatu. Kwanza, vikombe visiuzwe, na bweni liezekwe kwa michango yetu wenyewe, kuanzia na wale waliolala chini ya paa lile. Pili, usuguaji wa majivu ukome leo. Kitambaa laini kikavu chatosha. Tatu, kila mmoja wetu aliyewahi kushinda, kushindwa au kupuliza kipenga katika uwanja wa shule yetu alete maelezo ya maandishi, ukurasa mmoja au miwili, na picha kama anayo.

Nanyi vijana, mnaposhuka kwenda UMISSETA, mchagueni mmoja wenu awe karani wa timu. Aandike tarehe, mahali, muda na majina kamili, hata ya walioshindwa. Fulana itachakaa na fedha itachubuka. Mkiwa na maandishi, siku ya kuuza au ya kuhifadhi mtakuwa na la kusema. Bila maandishi, hata mnunuzi mwema hatajua anunue nini, na hata mtoto wako hatajua ahifadhi nini.