Siku ya Mwaka Katika Nyumba ya Mswahili: Ushahidi wa Lugha Katika Historia ya Sikukuu

Katika mijadala inayohusu asili ya utamaduni wa pwani ya Afrika ya Mashariki, Siku ya Mwaka imeitwa mara nyingi kutoa ushahidi. Wale wanaoamini kwamba utamaduni wa Waswahili uliletwa na wahamiaji kutoka Shirazi hulitaja jina la pili la sikukuu hii, yaani Nairuzi, neno ambalo asili yake ni Kiajemi na maana yake ni siku mpya. Wale wanaoshikilia kwamba Uswahili ni mti uliomea katika udongo wa Afrika aghalabu hulipita jina hilo kimya kimya, ama hulihesabu kuwa pambo lililobandikwa baadaye. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba pande zote mbili zimemsikiliza shahidi huyu barazani tu, wala hazikumfuata mpaka uani. Sikukuu ni jambo la nyumba kabla ya kuwa jambo la mji, na maneno ya sikukuu yanayotumika jikoni yana habari ambazo jina la Nairuzi peke yake haliwezi kutupa.

Tuanze na hesabu yenyewe. Mwislamu wa pwani aliishi na kalenda mbili. Ya kwanza ni ya mwezi mwandamo, ambayo mwaka wake una siku 354 au 355. Hiyo ndiyo iliyompa saumu, Idi na Maulidi. Lakini kwa kuwa mwaka huo ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku 11 hivi, Idi huzunguka katika majira yote, na mkulima hawezi kuitumia kujua wakati wa kupanda, wala nahodha wakati wa kungojea kaskazi au kusi. Kwa ajili hiyo palihitajika hesabu ya pili, yenye siku 365, na mwanzo wake ndio Siku ya Mwaka.

Hesabu hii ya pili haina siku ya nyongeza kila mwaka wa nne, na kwa hiyo sikukuu hurudi nyuma siku moja katika kila miaka minne. Katikati ya karne ya 19 wageni waliiona Unguja katika nusu ya pili ya mwezi wa Agosti. Siku hizi, huko Makunduchi, kusini mwa Unguja, husherehekewa katika mwezi wa Julai. Mwendo huo unatuwezesha kupeleleza mbali zaidi. Mwaka 632, Yazdgerd III alipotawazwa kuwa mfalme wa Uajemi, mwaka mpya wa Kiajemi uliangukia tarehe 16 Juni kwa kalenda ya Julius. Tukiirudisha tarehe hiyo nyuma siku moja kwa kila miaka minne, ikipita Machi, kisha Desemba, kisha Oktoba, tutafika mwaka 1870 karibu na tarehe 23 Agosti kwa kalenda ya sasa, yaani katika majira yale yale waliyoyataja wageni wa Unguja. Baadhi ya Waparsi wa India, ambao wameihifadhi hesabu hiyo ya kale, hadi leo huuanza mwaka wao katika Julai. Ni vigumu kudai kwamba ulinganifu huu umetokea kwa bahati tu. Kwa hiyo wale wanaodai kwamba Nairuzi ni jina tupu hawana hoja: jina lilikuja pamoja na hesabu.

Hata hivyo, kukubali hayo si kukubali kwamba sikukuu nzima ilishuka pwani kutoka jahazini. Ahmad ibn Majid, bingwa wa urubani wa karne ya 15, alitaja nyakati za safari kwa kuhesabu siku tangu Nairuzi. Katika nchi za Ghuba, mabaharia na wakulima waligawanya mwaka katika makumi ya siku. Waswahili nao waligawanya mwaka wao katika makumi 36, na siku tano zikabaki. Lakini walipoyapa makumi hayo jina hawakukopa, waliyaita miongo. Neno hili ni la Kibantu, na ndugu zake wametawanyika mbali na bahari: Mgĩkũyũ husema mĩrongo ĩĩrĩ kwa ishirini, na Mnyarwanda mirongo itatu kwa thelathini. Kabla ya ishirini na thelathini za Kiarabu kuenea, Mswahili pia alihesabu kwa miongo. Basi hesabu ya kigeni ilipofika ilikuta nambari za wenyeji zinazoweza kuibeba, nayo ikapandishwa juu yake.

Jambo hilo hilo, kwa kiasi kikubwa zaidi, linaonekana tukiingia ndani ya nyumba. Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu wa Unguja, alieleza habari za Siku ya Mwaka katika kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja kilichochapwa kwanza mwaka 1870. Kwa mujibu wa maelezo yake, watu walikwenda kuoga baharini usiku au alfajiri, na wanawake ndio waliolishika jambo hilo zaidi. Kisha walijaza chungu kikubwa nafaka pamoja na jamii ya kunde, wakapika, na ilipokaribia adhuhuri wakawagawia jamaa na marafiki waliofika. Mioto yote ilizimwa kwa maji, ikawashwa upya kwa kupekecha vijiti. Steere anaongeza kwamba zamani ugomvi wa siku nyingi ulimalizwa siku hiyo kwa kupigana, na damu iliyomwagika haikuulizwa.

Tuyatazame maneno ya kazi hizo: koga, chungu, pika, kunde, moto, zima, pekecha, gawa. Hakuna hata moja lililotoka Uajemi wala Arabuni. Jina la siku ni la bandarini, lakini vitenzi vyake vyote ni vya nyumbani. Huko Makunduchi jina lenyewe ni Mwaka Kogwa, nalo lina kitenzi cha kutendwa: anayeoga ni mtu, lakini katika jina mwaka ndio unaokogwa. Uchafu wa siku 365 hauhesabiwi kuwa wa mwili wa mtu mmoja, bali wa wakati wenyewe ambao jamaa nzima imeuishi pamoja.

Msomaji mwangalifu anaweza kupinga kwamba kuoga na kuheshimu moto ni mambo yanayojulikana katika Uajemi pia. Ni kweli, na vitenzi peke yake havithibitishi kwamba desturi haikuigwa. Vinathibitisha jambo jingine: kwamba desturi hiyo, hata kama sehemu yake iliigwa, ilitendwa na kufundishwa kwa Kiswahili na watu ambao hawakuhitaji istilahi ya mgeni ili kuieleza. Tulinganishe na mambo ya ibada na sheria, ambayo yalishuka na maneno yake, kama vile hija, zaka, mahari na wakfu. Palipokuwa na mwalimu wa kigeni, maneno yake yalibaki. Katika jikoni la Siku ya Mwaka hayakubaki, na dalili yake ni kwamba mwalimu wa hapo alikuwa mama wa nyumba.

Nguvu hiyo ya nyumba kuupa wakati majina haikuishia katika mwaka wa jua. Katika kalenda ya mwezi mwandamo, Mswahili alipokea saumu na Idi kama zilivyo, lakini hakuanza kuhesabu miezi kwa Muharram. Alianza pale jamaa inapofungua kinywa baada ya Ramadhani, akauita mwezi huo Mfunguo Mosi, akaendelea hadi Mfunguo Tisa, ndipo akarudia majina ya Kiarabu: Rajabu, Shaabani na Ramadhani. Idi kubwa humwangukia katika Mfunguo Tatu, na Maulidi katika Mfunguo Sita. Juma lake nalo limejengwa vivyo hivyo: baada ya Ijumaa huja Jumamosi, siku ya kwanza, hata Jumatano ikawa ya tano na Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu maana yake ni ya tano, ikaifuata. Hesabu hupita kwanza siku kuu ya mkusanyiko, kisha huanza moja. Hata mwisho wa Shaabani una jina la jikoni, kuvunja jungu, yaani karamu za kuiaga milo ya mchana. Na zawadi ambayo watoto hupewa na wakubwa siku ya Idi huitwa mkono wa Idi, kana kwamba sikukuu yenyewe imenyosha mkono.

Mabadiliko ya karne ya 20 hayakuigusa kila sehemu ya Siku ya Mwaka kwa kiasi kimoja. Kiberiti kiliondoa haja ya kupekecha moto. Kalenda ya serikali iliifanya tarehe 1 Januari kuwa ndiyo mwaka mpya, na katika Kenya Idi ya kufungua saumu ni sikukuu ya taifa, ilhali Siku ya Mwaka haimo katika orodha. Makunduchi imebaki kuwa mashuhuri kwa yale yanayotendeka uwanjani: wanaume wa pande mbili wanaopigana kwa migomba, na kibanda cha makuti kinachochomwa moto. Hayo ndiyo yanayopigwa picha na kuandikwa. Chungu cha nafaka na jivu la mafiga havina watazamaji, na vikiachwa, vitaachwa bila kelele.

Hapo ndipo penye hasara kwa fani yetu. Mwanahistoria akibaki na uwanja tu, atakuwa na jina la Nairuzi na tamasha, naye atarudi katika ubishi ule ule wa Uajemi na Uafrika. Ushahidi unaoweza kumtoa humo umo katika vinywa vya wanawake wazee wa Vumba, Mvita, Lamu, Pemba na Unguja: namna walivyoutaja moto mpya, chungu cha siku hiyo, jamaa waliostahili kugawiwa kwanza, na mwongo uliofaa kwa kila zao. Idara za lugha, ambazo wanafunzi wao wengi wana nyanya na shangazi katika miji hiyo, zina wajibu wa kuyakusanya maneno hayo na kuyaingiza katika kamusi, kila moja na kazi yake na mahali pake. Kwa kadiri tuliyo nayo sasa, ushahidi unaruhusu kusema hivi: hesabu ya Siku ya Mwaka ilikuja na pepo, bali sikukuu yake ilipikwa hapa.