Taswira ya Vazi katika Macbeth na Wajibu wa Mfasiri

Mwaka 1935 mtaalamu wa Uingereza, Caroline Spurgeon, alichapisha kitabu alimohesabu na kuainisha taswira za tamthilia za Shakespeare. Alionyesha kwamba aghalabu kila tamthilia ina taswira inayorudiarudia: katika Hamlet ni maradhi, katika Romeo and Juliet ni nuru, na katika Macbeth, iliyotungwa yapata mwaka 1606, ni mavazi.

Mavazi hayo hayakuwa pambo tu la maneno. Katika karne ya 16 Uingereza ilikuwa na sheria zilizoamua nani avae hariri na nani asivae, kwa kufuata cheo na mapato. Zilifutwa mwaka 1604. Watazamaji, basi, walijua kuwa vazi ni daraja ya mtu. Macbeth apewapo cheo cha mtu anayeamini kuwa yu hai, anauliza kwa nini anavikwa joho la kuazima. Banquo anafananisha heshima hiyo mpya na nguo ambayo haijauzoea mwili. Mwishoni Angus anamwona mfalme huyo kuwa ni mwizi mbilikimo anayepwaywa na joho la jitu. Mwaka 1947 mhakiki wa Marekani, Cleanth Brooks, alimsahihisha Spurgeon: jambo kuu si kwamba nguo hazimwenei Macbeth, bali kwamba si zake.

Tamthilia hii ilifasiriwa kwa Kiswahili na S. S. Mushi mwaka 1968, na kila atakayeifasiri tena atakutana na kishawishi kimoja. Tunayo methali: nguo ya kuazima haisitiri matako. Yaonekana kufaa pale mwanzoni. Lakini nguo ya methali ni fupi, na ya Angus inapwaya. Tena, mfasiri akiandika hapa "joho", pale "cheo", na kwingine "madaraka", kila sentensi itaeleweka peke yake, lakini uzi utakatika. Mtazamaji hatatambua kuwa mwizi wa mwisho ndiye mwazimaji wa mwanzo.

Istilahi zetu "tashbihi" na "sitiari" hutaja ulinganisho mmoja mmoja. Kwa ulinganisho unaosukwa katika tamthilia nzima tunapendekeza "msuko wa taswira". Tunashauri pia kwamba mfasiri auorodheshe msuko huo kabla ya kuanza kazi, kama tufanyavyo kwa istilahi za sheria: dhana moja, neno moja, tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.