Kete (Monetaria annulus)

Kete ni konokono wa baharini wa familia ya kauri. Jina lake la kisayansi lilianza kwa Linnaeus mwaka 1758. Anaishi Bahari ya Hindi na Pasifiki, na pwani ya Afrika Mashariki ni wa kawaida mno. Maji yakipwa, hasa wakati wa bamvua, huonekana kwenye madimbwi ya mwambani, chini ya mawe na katikati ya majani ya bahari. Chakula chake ni mwani.

Gamba lina urefu wa sentimita 2 hivi. Mgongo ni wa kijivu chenye usamawati kidogo, umezungukwa na mstari wa rangi ya dhahabu. Upande wa chini kuna ufa mwembamba wenye meno kingo zote mbili. Mng'ao wake hautokani na kusuguliwa na mawimbi, kama wengi wadhanivyo. Mnyama akiwa hai hutoa joho, yaani ngozi yake laini, likapanda kutoka kila upande na kulifunika gamba, na ndilo linaloongeza tabaka jipya juu yake. Gamba tupu lililolala juani hupauka upesi.

Kete mchanga ni vigumu kumtambua: gamba lake ni jembamba, mdomo mpana, mstari wa dhahabu hana. Anapokomaa, ukingo wa mdomo hujikunja kwa ndani na meno huota. Toka hapo harefuki tena, gamba huzidi unene tu. Kwa hiyo mdogo kwa umbo si lazima awe mdogo kwa umri. Jike hutaga mayai ndani ya vifuko na kuyakalia kwa mguu wake hadi lava watoke na kuchukuliwa na maji.

Kete aliwahi pia kuwa fedha. Afrika Magharibi ilikuwa imetumia kwa karne nyingi kauri wa Maldivi, Monetaria moneta, kama fedha. Mwaka 1845 Hertz, mfanyabiashara wa Hamburg, alianza kupeleka huko kete wa Zanzibar, waliopatikana kwa bei ndogo zaidi. Kampuni ya O'Swald, ya Hamburg vilevile, na Régis ya Marseille zikaingia katika biashara hiyo. Meli zilishusha maelfu ya tani, na fedha hiyo ikaporomoka thamani, hasara ikiwaangukia zaidi waliokuwa wameiweka akiba majumbani.