Kutwika na Kutua

Ukisema wimbi hapa Nakuru, wengi watafikiria uji kabla ya redio. Punje zile ndogo nyekundu hupembuliwa kwa ungo mpaka pumba zipeperuke. Kwa miaka niliamini kwamba istilahi ya kutoa sauti katika wimbi la redio iko humo humo ungoni: kupembua. Dayodi hukata nusu ya wimbi, kapasita hulaza mitikisiko ya kasi, ikabaki sauti ya msomaji wa habari.

Hesabu ilinitoa huko. Katika masafa ya kati wimbi linaweza kutetema mara 1,000,000 kwa sekunde, na sauti ya mtu mara mia kadhaa hadi elfu chache. Sauti ikitikisa kimo cha wimbi hilo kwa asilimia 30 tu, nguvu iliyobeba habari ni kama asilimia 4 ya nguvu yote inayorushwa. Zile 96 hazisemi neno. Ndiyo maana stesheni huweza kushika barabara, mikwaruzo ikanyamaza, na bado mtangazaji akawa kama ananong'ona.

Je, zile 96 ni pumba? Siwezi kuziita hivyo. Sauti tupu haitoki Nairobi ikafika Njoro; wimbi ndilo huipandisha kwenye masafa yanayosafiri hewani. Pumba haijabeba mtu. (Iko mitambo inayomwacha mbebaji nyumbani, lakini huko redio hulazimika kumuunda mwingine wa kwake.)

Tunayo jozi kongwe: kutwika na kutua. Kule Bahati akina mama hutwikana kuni mgongoni, kamba ikapita kwenye paji la uso. Tanzania, katika kupigania maji, walisema kumtua mama ndoo kichwani. Anayetuliwa hatupwi, hupokewa mzigo, akanyoosha mgongo. Basi mtambo hulitwika wimbi sauti, redio ikalitua, na wimbi lenyewe naliita wimbi chukuzi. Jozi hii inafundisha hata ufundi: ukikuza nguvu kabla ya kutua, unakuza mzigo na mchukuzi kwa kipimo kimoja, na mnong'ono unabaki mnong'ono kando yake. Ukishatua, amplifaya inaushughulikia mzigo peke yake.

Kupembua nakubakishia kazi yake. Jioni radi ikipiga upande wa Mau, mikwaruzo hupanda juu ya kimo kile kile cha wimbi, ikatuliwa pamoja na sauti. Hiyo ndiyo pumba.